Bakuli la Vesali: Fedha na Uwajibikaji katika Mahekalu ya Kibudha

Mapokeo ya Kibudha yasimulia kwamba, yapata miaka 100 baada ya kufariki kwake Budha, mtawa aitwaye Yasa alifika Vesali, kaskazini mwa India. Siku ya ibada aliwakuta watawa wa mji huo wamejaza maji katika bakuli la shaba na kuwaomba walei watie humo sarafu kwa mahitaji ya jumuiya. Yasa aliwaonya walei wasitoe. Wakatoa hata hivyo. Baadaye watawa waligawana fedha hizo, wakamwekea fungu lake, naye akalikataa. Kwa kosa la kuwalaumu waumini, aliamriwa kwenda kuwaomba radhi. Alikwenda, lakini aliwaeleza kanuni ilivyo, nao wakawa upande wake. Mgogoro huo ulizaa baraza la watawa 700, lililolaani mambo kumi, mojawapo likiwa upokeaji wa dhahabu na fedha.

Kisa hiki hufasiriwa aghalabu kuwa ushindi wa ufukara dhidi ya tamaa. Hata hivyo, Vinaya, yaani mkusanyo wa kanuni za watawa, haikukataza watawa wasihudumiwe kwa mali ya watu. Ilipanga njia ambayo mali hiyo ingepitia. Mfadhili akituma fedha za kununulia vazi, mtawa haruhusiwi kuzipokea. Humtaja mtumishi wa monasteri au muumini mlei, aitwaye kwa Kipali veyyavaccakara, ili huyo azipokee na kulinunua. Vazi lisipopatikana, mtawa aweza kumkumbusha mara tatu kwa maneno, na kusimama kimya mbele yake hadi mara sita. Zaidi ya hapo hana ruhusa ya kudai. Wajibu wake ni kumpasha mfadhili habari kwamba fedha zake hazikufaa kitu, azifuatilie zisije zikapotea. Katika utaratibu huo, mwenye haki ya kuuliza alikuwa mtoaji.

Neno hilo la Kipali lilisafiri pamoja na dini hadi Tailandi, ambako hutamkwa waiyawatchakon, na hadi leo lamtaja mlei anayeshughulikia mali ya hekalu. Neno limebaki, bali uhusiano umegeuka. Sheria ya Sangha, yaani ya jumuiya ya watawa, ya mwaka 1962, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, hulihesabu hekalu kuwa nafsi ya kisheria inayowakilishwa na mkuu wake, na humkabidhi yeye utunzaji wa mali. Mlei huyo huteuliwa na mkuu yule yule, kwa idhini ya watawa walio juu yake. Ni kweli kwamba sheria huwahesabu wote wawili kuwa maofisa mbele ya kanuni ya adhabu, hata wizi ukigunduliwa hukumu yake ni kali. Lakini kabla ya kugunduliwa, mwenye kukaguliwa ndiye aliyemteua mwenye kushika hesabu, na mtoaji hana nafasi yoyote.

Matokeo yake yameonekana. Mwezi wa Mei 2018 polisi waliingia katika mahekalu mashuhuri ya Bangkok na kuwakamata watawa wa vyeo vya juu. Shauri lilihusu fedha za serikali: ilidaiwa kwamba maofisa walitoa ruzuku kwa mahekalu, kisha wakadai warudishiwe sehemu yake. Mwezi wa Mei 2025 mkuu wa Wat Rai Khing, mkoani Nakhon Pathom, alikamatwa akituhumiwa kufuja zaidi ya baht milioni 300 za hekalu, nyingi zikidaiwa kuishia katika kamari.

Kwa nini watoaji hawakuuliza mapema? Mafundisho yenyewe husema kwamba thawabu hutegemea moyo wa mtoaji kabla ya kutoa, wakati wa kutoa na baada ya kutoa. Anayejuta baadaye huipunguza. Kwa hiyo muumini huogopa kwamba shaka yake itamharibia sadaka. Lakini kanuni ya vazi haikuona dhambi katika kufuatilia. Ilimwagiza mtawa mwenyewe kumwamsha mfadhili. Naye Yasa, kabla ya kuwaendea wazee wa mbali, alianza kwa kuzungumza na wale waliotia sarafu bakulini.