Bendera ya Hispania Juu ya Texas

Watoto wetu wa Garland hupenda kwenda Six Flags kule Arlington, lakini wachache hujua kuwa mojawapo ya bendera hizo sita ni ya Hispania, iliyotawala Texas hadi 1821.

Wengi husema aliyeleta uhuru ni Napoleon, kwa kumwondoa Mfalme Ferdinand VII mwaka 1808. Mimi naona hicho kilikuwa kiberiti tu. Kuni zilikwisha kauka. Mwaka 1804 Hispania, ikielemewa na gharama za vita, iliamuru Kanisa la Meksiko lidai mikopo yake na kupeleka fedha ng'ambo. Kanisa ndilo lililokuwa benki ya wakulima na wafanyabiashara. Watu waliuza mashamba kwa bei ya kutupa ili walipe, na sehemu ya fedha hizo ikaishia kwa Napoleon yuleyule! Wazee wetu waliolimishwa pamba ya Mjerumani hadi Maji Maji ikalipuka mwaka 1905 wangeelewa bila mkalimani.

Padre Hidalgo aliinuka Septemba 1810. Januari 1811 waasi wa San Antonio walimkamata gavana wao, na Aprili 1813 ukatangazwa uhuru wa Texas. Haukudumu. Tarehe 18 Agosti, kwenye mapigano ya Medina kusini ya mji huo, jeshi la mfalme liliua waasi zaidi ya 1,000. Miongoni mwa maofisa wake vijana alikuwamo Santa Anna, ambaye mwaka 1836 alirudi San Antonio kuizingira Alamo, safari hiyo akiongoza jeshi la Meksiko huru.