Nyumba ya Vyumba Sita

Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo ilijengwa ili imlishe mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila dalali anayekuja kunitaka niuze nyumba aliyoniachia bibi yangu huanza kwa kunionea huruma. Hudhani nimeng'ang'ania kumbukumbu za marehemu. Kumbukumbu ninazo, lakini kinachoniweka hapa ni kodi ya wapangaji, na kodi hiyo ina historia ndefu kuliko umri wangu.

Upande huu wa mji ulikuwa mashamba ya minazi. Wajerumani, waliohamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika nyuma. Karibu na mwisho wa utawala wao wakaanza kupima mitaa iliyonyooka magharibi ya Mnazi Mmoja ili Waafrika wahamie huko. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta kazi haijaisha. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakapiga kambi papa hapa. Walibeba mahindi na risasi vichwani kwenda kusini, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa bunduki. Vita ilipokwisha kambi iliondoka, jina Carrier Corps likabaki kama Kariakoo, viwanja vikaanza kugawiwa.

Mitaa nayo ilipewa majina ya mapigano. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti ni sehemu za bara ya Lindi na Kilwa ambako watu waliuana mwaka 1917. Leo vijana wanasukuma mikokoteni ya marobota Mtaa wa Mahiwa huku wakipiga kelele za kuomba njia, na sijawahi kuona hata kibao kimoja kinachowaeleza. Hilo linaniuma. Mahali palipopewa jina na wapagazi pangestahili angalau jiwe moja lenye maelezo.

Sasa nyumba. Ukiingia mlango wa mbele unakutana na ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nje, mbele, kuna baraza. Uani kuna jiko, bafu na choo, na mwenye uwezo aliongeza banda la uani lenye vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Nyumba ya kwanza kwenye kiwanja chetu ilikuwa ya boriti na fito za mikoko kutoka Rufiji, udongo umekandikwa na kupakwa chokaa, juu makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati, kisha kuta za tofali. Ramani haikubadilika. Vyumba vililingana ukubwa kwa sababu kila kimoja kilitazamiwa kupata mpangaji wake. Mwenye nyumba alikaa kimoja, viwili kama ana watoto, na vilivyobaki vilileta pesa kila mwezi.

Bibi yangu alikuwa mpika vitumbua. Hakusoma shule ya serikali, hakuajiriwa, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika mapema. Alichokuwa nacho ni kiwanja, na akakijenga chumba baada ya chumba: kodi ya chumba cha kwanza ilinunua boriti za cha pili. Hakuwa peke yake. Kariakoo ilikuwa na wanawake wengi wenye nyumba zao, wajane na walioachika, katika mji ambao kazi za mshahara zilikuwa za wanaume. Mwanamke mwenye vyumba sita hakulazimika kurudi kwa kaka zake akiachwa. Aliweza kumwambia mume mpya ahamie kwake, naye akahamia. Sijui biashara nyingine ya wakati ule iliyompa mwanamke wa Kiswahili nguvu kama hiyo.

Nguvu hiyo ilikwenda mbali. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa kwenye jengo la chama kilichoitangulia, katika mtaa ambao leo tunauita Lumumba, mwendo mfupi kutoka hapa. Bibi Titi Mohamed alipoitafutia TANU wanachama wanawake alipitia vikundi vya ngoma, na wanawake wa vikundi hivyo ndio hao hao wapika vitumbua na wenye nyumba. Chumba chetu cha mbele kiliwahi kulala wageni wa chama waliotoka mikoani. Mama alisimulia kwamba bibi hakuwatoza hata senti.

Uhuru haukuzigusa sana nyumba zetu. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilianza kwa kubomoa vibanda vya udongo sehemu kama Magomeni na kujenga upya. Sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha ilihusu yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, kwa hiyo ikawapata wenye maghorofa, sisi wa vyumba sita ikatupita.

Kilichozitikisa ni biashara. Milango ilipofunguliwa miaka ya themanini, bidhaa zikafurika, na wanunuzi wakaanza kuja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Chumba cha mbele kikawa fremu ya duka. Baraza ikafungwa vyuma, kisha ikamezwa na duka. Fremu moja ikalipa kuliko vyumba vyote vya ndani, na hapo ndipo wenye fedha walipoanza kuhesabu: kama fremu mbili za chini zinaleta hivi, ghorofa nane zitaleta nini?

Mpango wao huitwa ubia. Wewe unatoa kiwanja, mbia anatoa fedha na kujenga. Jengo likiisha unapata nyumba mbili tatu za juu, yeye anachukua fremu za chini kwa miaka mliyoandikiana. Tangu 2008 ipo sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, na ni sheria nzuri. Wapo jirani zangu waliofaidika, siwezi kukana. Lakini nimeona pia waliopewa chumba ghorofa ya saba bila lifti, magoti yamekwisha, wanasubiri mjukuu awapandishie maji. Na Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka papa hapa Kariakoo likaua watu zaidi ya ishirini. Siku zile hakuna aliyelala mtaani kwetu. Yeyote anayeniletea ramani tangu hapo namuuliza jina la mhandisi kabla ya kumuuliza bei.

Watu wa nje hudhani nyumba hizi huondolewa na tingatinga. Huondolewa na mirathi. Mwenye nyumba anakufa, warithi ni kumi na wawili, kila mmoja ana fungu lake, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu kumi na wawili. Dalali analijua hilo. Hufika na ubani matanga hayajaanuliwa. Anampata mrithi mmoja mwenye deni, huyo anataka chake, na kumlipa yeye lazima yote iuzwe. Pesa zikigawanywa, fungu la binti linanunua kiwanja kidogo Chanika au Mbagala ndani, na hana tena chumba cha kupangisha. Nyumba iliyowatunza wanawake vizazi vitatu inamwacha wa nne na pesa ya mara moja.

Ndiyo maana sikatai ghorofa kwa kuwa ni ghorofa. Nakataa mkataba wowote unaochukua fremu na kuniachia ngazi. Mwanangu wa kiume anataka ubia, nami nimemwambia masharti: fremu moja ya chini ibaki yetu daima, kodi yake igawiwe mabinti, na iandikwe wakfu mbele ya kadhi na mashahidi kabla tofali halijaondolewa. Hadi leo sijapata mbia aliyekubali. Wapangaji wangu wanalipa, kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na bati la upande wa uani nimelibadilisha mwaka huu.