Madaftari ya Kisiwani: Maisha ya L.M. Montgomery Yaliyobandikwa kwa Gundi

Ukurasa mmoja una ua lililokaushwa. Mwingine una kipande cha kitambaa cha gauni, kadi ya mwaliko wa harusi, programu ya tamasha la chuo, picha ya bibi aliyevaa kofia pana iliyokatwa kutoka kwenye jarida la mitindo. Kuna vichekesho vya gazetini, kuna mashairi, kuna hata manyoya ya paka. Aliyevikusanya vitu hivi na kuvibandika kimoja baada ya kingine ni Lucy Maud Montgomery, mwandishi wa Anne of Green Gables, riwaya ya mwaka 1908 inayomhusu msichana yatima mwenye nywele nyekundu, ambaye wazee wawili, kaka na dada, wanampokea shambani kwao ingawa waliagiza mvulana. Riwaya hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Japani peke yake wasomaji wameipenda kizazi hadi kizazi tangu Hanako Muraoka alipoitoa kwa Kijapani mwaka 1952.

Kuna namna tatu ambazo Montgomery aliweka kumbukumbu ya maisha yake: shajara, picha alizopiga mwenyewe, na madaftari haya ya kubandikia. Shajara zimesomwa na kuchambuliwa sana. Picha nazo zimeandikiwa vitabu. Madaftari ndiyo yaliyokawia kutazamwa, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu ndani yake yumo Montgomery ambaye shajara zimemficha.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika kijiji ambacho leo kinaitwa New London, kwenye Kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu kabla mtoto hajafikisha miaka miwili. Baba akaelekea magharibi ya nchi kutafuta maisha, na mtoto akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, Alexander na Lucy Macneill, huko Cavendish. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa posta ya kijiji. Barua na magazeti ya majirani yalipitia mle kabla ya kufika kwa wenyewe, na msichana yule alikua akiwa karibu na karatasi zilizochapwa kuliko watoto wengi wa shamba wa wakati wake.

Kukata na kubandika hakukuwa jambo la ajabu enzi hizo. Katika karne ya 19 mitambo ya kuchapa picha za rangi ilishusha bei ya picha, majarida ya wanawake yakaenea, na majumbani kote Marekani na Kanada watu wakawa na madaftari makubwa ya kubandikia walichokipenda. Biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Mark Twain, mwandishi wa hadithi za Tom Sawyer, alipata hataza mwaka 1873 kwa daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, mtu anailowesha tu na kubandika. Ni Twain huyohuyo ambaye miaka 35 baadaye, akiwa mzee, alimsoma Anne na kumsifu kwa moyo mweupe, akimweka karibu na Alice wa Lewis Carroll.

Madaftari mawili ya kisiwani yanajulikana kwa rangi ya majalada yake: la Buluu na Jekundu. La Buluu linaanza karibu na mwaka 1893, Montgomery alipoingia Prince of Wales College mjini Charlottetown kusomea ualimu. Masomo ya miaka miwili aliyamaliza kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo alifundisha katika shule ndogo za vijijini, Bideford, Belmont, kisha Lower Bedeque, na katikati yake akapata mwaka mmoja wa kusoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax. Kwa hiyo daftari hili ni la msichana wa kati ya miaka 18 na 23 aliyeonja uhuru. Amebandika programu, kadi, maua na picha za magauni ambayo mwalimu wa kijiji hakuwa na mshahara wa kuyanunua. Usisome picha hizo kama anasa ya bure. Mtu aliyesoma Anne atakumbuka jinsi mtoto yule anavyolilia gauni lenye mikono iliyofura, na hapa, zaidi ya miaka kumi kabla ya riwaya, mitindo hiyohiyo imekatwa kwa mkasi na kupewa nafasi ya heshima ukurasani.

Daftari Jekundu ndilo linalonigusa zaidi. Linaanzia karibu na 1896, likipishana kidogo na la Buluu, na kufika 1910. Katikati ya kipindi hicho, Machi 1898, babu yake alifariki. Shamba likaenda kwa mjomba, na bibi mzee asingeweza kubaki peke yake katika nyumba ile. Montgomery akaacha ualimu, akarudi Cavendish kumtunza, na ukiacha miezi michache ya 1901 na 1902 aliyofanya kazi katika gazeti la Daily Echo huko Halifax, alikaa naye hadi bibi alipofariki mwaka 1911. Ni miaka 13. Ukiisoma miaka hiyo katika shajara utaona giza: baridi ya muda mrefu, theluji iliyofunga barabara, nyumba isiyokaribisha wageni, mapenzi yaliyovunjika, usingizi uliokimbia.

Sasa fungua Daftari Jekundu kwa miaka hiyohiyo. Kuna mialiko na kumbukumbu za matembezi, kuna mizaha ya marafiki, kuna paka wake kipenzi, kuna maua ya majira ya kiangazi. Mwaka 1903 mwalimu kijana aitwaye Nora Lefurgey alipanga katika nyumba ya akina Macneill, na wasichana hao wawili wakaandika pamoja shajara ya utani, kila mmoja akimchokoza mwenzake ukurasa kwa ukurasa. Mtu anayecheka namna hiyo hakuwa amezama kabisa katika huzuni. Shajara aliikimbilia alipokuwa na uchungu wa kuutua, na mwenyewe alikiri kwamba humo alimwagia manung'uniko yake. Furaha aliipeleka kwingine, kwenye mkasi na gundi.

Kuna jambo lingine ambalo watafiti wa fasihi wanapaswa kulitilia maanani. Shajara tunazozisoma leo si zile alizoziandika usiku wa tukio. Kuanzia mwaka 1919 alinakili upya shajara zake za zamani katika vitabu vikubwa vya ukubwa mmoja, akaongeza picha, kisha akaziharibu nakala za kwanza. Aliyekuwa akinakili alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 40, maarufu, akijua kwamba siku moja watu watamsoma. Mwaka huohuo alikuwa amempoteza Frede Campbell, binamu na rafiki yake wa moyoni, kwa homa ya mafua iliyoua watu duniani kote, na mumewe, Mchungaji Ewan Macdonald, alikuwa ameanza kuugua maradhi ya akili. Ni vigumu kuamini kwamba uchungu wa 1919 haukuupaka rangi ujana wa 1899. Ua lililobandikwa, kwa upande wake, halinakiliwi upya.

Kukata picha kulikuwa pia sehemu ya kazi yake ya uandishi. Uso wa Anne ulitoka kwenye picha aliyoikata katika jarida la Kimarekani na kuitundika karibu na mahali alipoandikia. Msichana wa picha ile alikuwa Evelyn Nesbit, mwanamitindo wa New York, ambaye mwaka 1906 jina lake lilisambaa magazetini pale mumewe tajiri, Harry Thaw, alipompiga risasi na kumuua msanifu majengo Stanford White. Montgomery hakuona kashfa yoyote katika uso ule. Aliona ujana na macho yenye ndoto, akaupa maisha mengine kabisa kwenye shamba la kisiwani. Mkono uliozoea kuondoa kitu mahali pake pa kwanza na kukipa jirani mpya ukurasani ulikuwa umejifunza ufundi huo kwa miaka mingi juu ya madaftari.

Baada ya kuolewa mwaka 1911 alihamia Ontario, kwanza Leaskdale, kisha Norval, mwishowe Toronto. Kubandika hakukukoma. Alikusanya tahakiki za vitabu vyake kutoka magazeti ya nchi mbalimbali, na madaftari ya Ontario yapo katika Chuo Kikuu cha Guelph, pamoja na shajara ambazo chuo kilizinunua kwa mwanawe Stuart mwaka 1981. Yapo pia madaftari aliyobandika hadithi na mashairi yake kama yalivyotoka majaridani. Hayo yana faida kubwa mno. Montgomery alichapisha hadithi fupi takriban 500, nyingi katika majarida madogo ambayo maktaba hazikuyatunza. Mtafiti Rea Wilmshurst aliifuatilia kazi hiyo kwa subira, na kuanzia mwaka 1988 zikatoka juzuu nane za hadithi ambazo wasomaji walikuwa wamezipoteza.

Montgomery alifariki Toronto tarehe 24 Aprili 1942, akarudishwa Cavendish kuzikwa. Shajara zilipoanza kuchapishwa mwaka 1985, zikihaririwa na Mary Rubio na Elizabeth Waterston, wasomaji wengi walishtuka kukuta kwamba mwandishi wa vitabu vilivyojaa jua aliishi na huzuni nzito kiasi kile. Mshtuko huo ulikuwa na haki yake, na kazi ya wahariri hao ni ya thamani isiyopimika. Lakini tangu hapo picha ya mwanamke mwenye majonzi ndiyo iliyotawala.

Aliyefanya bidii kubwa kuisawazisha ni Elizabeth Epperly, mwanzilishi wa Taasisi ya L.M. Montgomery katika Chuo Kikuu cha Prince Edward Island. Mwaka 2008, Anne akitimiza miaka mia, alitoa kitabu Imagining Anne, chenye kurasa zilizochaguliwa kutoka Daftari la Buluu na Jekundu, kila moja na maelezo yake. Madaftari yenyewe hayawezi kushikwashikwa. Karatasi ya gazeti ya wakati ule hugeuka manjano na kukatika, gundi hukauka, petali hugeuka vumbi. Ndiyo maana kitabu cha Epperly ni muhimu kwa msomaji wa kawaida. Anayetaka kumjua Montgomery kwa haki azisome shajara za 1898 hadi 1910 akiwa na kitabu hicho mezani, mwaka kwa mwaka, na asimhukumu kabla hajazitazama kurasa zote mbili.