Redio ya pedeli, au kwa nini umeme kwanza, redio baadaye

Haya wadau, leo tuache stori za bumu na foleni ya kantini, niwaletee historia kidogo. Watu wakitaka kuandaa redio ya upepo ya kubeba, iwe ya kupiga kambi au ya dharura, swali la kwanza huwa: inafika mbali kiasi gani? Mimi nadhani swali la kwanza ni umeme utatoka wapi, na nani ataitumia. Ushahidi wangu upo Australia.

Mwaka 1917 kijana mchunga ng'ombe, Jimmy Darcy, aliumia vibaya huko kaskazini-magharibi. Wenzake wakamfikisha Halls Creek, ambako hakukuwa na daktari. Kulikuwa na mkuu wa posta, Fred Tuckett, na waya wa telegrafu. Basi daktari akiwa Perth, mbali kabisa kusini, akawa anamtumia Tuckett maelekezo kwa alama za Morse, na Tuckett akampasua mgonjwa kwa kisu cha mfukoni! Daktari akafunga safari ya meli, gari na farasi. Alipofika, Darcy alishafariki.

Sasa fikiria: huyo angalau alikuwa karibu na waya. Wale wa mashambani, mamia ya kilomita kutoka posta, walikuwa hawana hata huo.

Mchungaji John Flynn wa kanisa la Presbyterian alitaka madaktari wawafuate watu kwa ndege, na mwaka 1928 huduma ikaanza mji wa Cloncurry, Queensland. Lakini ndege bila mawasiliano inasaidia nini? Mama aliyeko shambani ataiitaje?

Hapo ndo anaingia Alfred Traeger, fundi wa Adelaide aliyekuwa mpenzi wa redio za ridhaa. Mwaka 1926 alianza majaribio na Flynn. Redio zilifanya kazi, ila betri zilikuwa nzito, yaani mzigo wa gari. Jenereta ya kuzungusha kwa mkono nayo ilisumbua, kwa sababu mkono huohuo ndo unatakiwa kugonga Morse. Traeger akahamishia kazi miguuni. Akafunga pedeli kama za baiskeli kwenye jenereta ndogo, ikatoa wati 20 hivi kwa volti kama 300. Unakaa, unapiga pedeli, mikono iko huru. Mwaka 1929 redio hizo zikaanza kufungwa mashambani kuwasiliana na Cloncurry.

Kikabaki kikwazo kimoja: Morse. Mtu mwenye mgonjwa ndani hana muda wa kujifunza nukta na vistari. Miaka michache baadaye Traeger akatengeneza kibodi kama ya taipu: unabonyeza herufi, mashine inajitumia Morse yenyewe. Baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 1930, watu wakaanza kuongea kwa sauti.

Wenzangu wa ualimu, hapa ndo pa kwetu. Mwalimu Adelaide Miethke aliona kwamba redio inayoita daktari inaweza pia kuita mwalimu. Mwaka 1951 shule ya redio ikafunguliwa rasmi Alice Springs, ikitumia mtandao wa madaktari wa ndege. Watoto waliokuwa wakisoma kwa barua tu wakaanza kumsikia mwalimu, na yeye akawasikia.

Kwa hiyo ukitaka kujiandalia redio ya kubeba leo, fuata mpangilio wa Traeger. Anza na umeme: betri unayoiweza mgongoni na paneli ndogo ya sola ya kuichaji. Halafu antena ya waya ya kutupia mtini. Redio yenyewe ije baadaye. Leseni usisahau, kwetu Tanzania inatolewa na TCRA. Na mfundishe mtu mwingine kuitumia, maana siku ya dharura anayeumia anaweza kuwa ni wewe fundi.

Msiniambie simu zinatosha. Mnara ukizimika, simu ya laki nane inabaki tochi, tena mpaka chaji iishe. Na wengi wetu tutapangiwa shule ambazo mtandao unautafuta juu ya kichuguu.

Haya, wa fizikia mje mnikosoe, wa historia mnitetee. Naenda kumalizia assignment.