Fahamu Jinsi Magari Yaliyounganishwa na Mtandao Yanavyoelekezwa Kukwepa Foleni za Ghafla

Foleni za mijini ni za aina mbili. Ipo ya asubuhi na jioni, ambayo dereva mzoefu huijua na kuitengea muda. Ipo pia inayozuka ghafla kutokana na ajali, lori lililoharibika katikati ya barabara, mafuriko au taa za kuongozea magari zilizozimika. Aina hii ya pili ndiyo inayolengwa zaidi na teknolojia ya kuyaelekeza magari yaliyounganishwa na mtandao.

Gari lililounganishwa ni lile linaloweza kutuma na kupokea taarifa likiwa safarini, kwa kifaa kilichofungwa ndani yake au kwa simu ya dereva. Gari hutambua mahali lilipo kwa msaada wa satelaiti, kisha hutuma taarifa ya mahali hapo na mwendo wake kwenye mfumo wa kompyuta. Magari mengi yakipunguza mwendo kwa pamoja katika kipande kimoja cha barabara, tofauti na ilivyo kawaida kwa saa hiyo, mfumo hutambua kuwa kuna kizuizi. Baada ya hapo hukadiria muda wa kuchelewa, hulinganisha njia zilizopo na kumshauri dereva.

Japani ilianza mapema. Tangu Aprili 1996, mfumo wa taifa hilo ujulikanao kama VICS umekuwa ukipeleka taarifa za foleni, ajali na barabara zilizofungwa hadi kwenye ramani zilizomo ndani ya magari, kwa kutumia vifaa vilivyowekwa kando ya barabara na mawimbi ya redio ya FM.

Hata hivyo, ushauri mmoja ukitolewa kwa wote, foleni haiondoki bali huhama. Mwaka 1952, John Glen Wardrop wa Uingereza alibainisha kuwa njia iliyo bora kwa kila dereva peke yake si lazima iwe bora kwa wasafiri wote kwa jumla. Mwaka 1968, mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alionesha kuwa hata kuongeza barabara mpya kunaweza, katika mazingira fulani, kurefusha safari ya kila mtu. Kwa sababu hiyo, mfumo ulioundwa vizuri huyagawa magari katika njia kadhaa, huhesabu yale uliokwisha kuyaelekeza huko, na hurudia makadirio kadiri hali inavyobadilika.

Gharama ya kutozingatia jambo hilo ilionekana Leonia, mji mdogo wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, jirani na daraja la George Washington liendalo New York. Programu za simu ziliwaelekeza madereva kupita katika mitaa ya makazi ili kukwepa foleni ya darajani. Januari 2018, mji huo ulifunga takribani mitaa 60 kwa wasio wakazi katika saa za msongamano; Agosti mwaka huohuo mahakama ilibatilisha hatua hiyo.

Funzo lake ni kwamba kasi ya safari haiwezi kuwa kigezo pekee. Mfumo unapaswa kujua barabara zenye shule, zisizohimili malori, na zinazotakiwa kubaki wazi kwa magari ya wagonjwa na zimamoto. Taarifa hizo hutoka kwa mamlaka zinazosimamia barabara, na hazina budi kutolewa kwa wakati.

Suala jingine ni faragha, kwa kuwa kumbukumbu za safari huweza kufichua makazi na mienendo ya mtu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023.

Kwa dereva, ushauri wa kifaa hubaki kuwa ushauri. Alama za barabarani na maelekezo ya askari wa usalama barabarani hutangulia, na ni salama zaidi kupanga njia kabla ya kuondosha gari.