Projekta darasani: Mwalimu wa Diff aanzie wapi?

MJI mdogo wa Diff, katika eneobunge la Wajir Kusini, umekaa mpakani mwa Kenya na Somalia. Hadi mwaka 1925 hapakuwa na mpaka wa nchi mahali hapo, kwani Jubaland ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo hilo, watu waliokuwa wakichunga mifugo pamoja walijikuta chini ya serikali mbili.

Jaribu kuifundisha habari hiyo kwa chaki. Mwalimu atachora ramani, aifute, achore nyingine, na kengele italia kabla hajaufikia mwaka 1963.

Kwa slaidi tatu mambo hubadilika. Ya kwanza ionyeshe ramani isiyo na mpaka, mto Juba ukionekana. Ya pili iwe ramani ile ile, kwa ukubwa ule ule, ila mstari mwekundu umeongezwa. Ya tatu iongeze Diff, visima na njia za malisho kama wanafunzi walivyozieleza wao wenyewe. Mwalimu akibonyeza mara moja tu, mpaka unatokea mbele ya macho ya watoto, na hapo maswali hayahitaji kuombwa.

Hii ndiyo kazi hasa ya programu za kuwasilishia mada kama vile PowerPoint, Impress au Google Slides: kuonyesha kitu kinavyobadilika. Bahati mbaya, walimu wengi huzitumia kama ubao wa kunakilia. Aya nzima ya kitabu huhamishiwa kwenye ukuta, mwalimu akaisoma, wanafunzi wakaiandika.

Asili ya tabia hiyo si vigumu kuitambua. PowerPoint ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huo huo. Iliundwa kwa ajili ya watu wa ofisini waliotaka kuwaeleza wakubwa wao mipango ya biashara, na mtindo wake wa vidokezo vifupi vifupi ulitokana na mahitaji hayo. Mtoto wa darasa la tano hakufikiriwa.

Mtaalamu wa saikolojia ya elimu, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mwanafunzi huelewa zaidi anapotazama picha huku akisikiliza maelezo, kuliko anapowekewa pia maandishi yale yale yanayosomwa. Aidha, pambo lolote lisilohusu somo humpunguzia umakini. Sisi tunaokula mkate wetu kwa kufyeka maneno ya wengine hatukuhitaji majaribio kulijua hilo, lakini ni vyema lina ushahidi.

Katika eneo la Kaskazini Mashariki, jambo hili lina uzito wa ziada. Watoto wengi huzungumza Kisomali nyumbani, na hukutana na Kiswahili pamoja na Kiingereza shuleni. Slaidi iliyojaa Kiingereza huwafungia mlango mara mbili.

Basi picha itangulie neno. Mwalimu aipige picha ya ngamia wa hapo hapo kijijini kwa simu, aiweke kwenye slaidi bila maandishi yoyote, na awaulize wanafunzi majina ya viungo vyake. Watayataja kwa Kisomali bila kusita. Kisha kila kiungo kinapoguswa, neno la Kiswahili lijitokeze: nundu, kiwele. Mtoto aliyekuwa kimya katika somo la lugha anageuka kuwa mjuzi, maana kuhusu ngamia huenda akamzidi mwalimu aliyetoka Kakamega au Kitui.

Viungo vya kubonyeza navyo hufaa kwa hadithi yenye njia panda. Kisima kimekauka: familia ihamie wapi? Kila jibu linapeleka kwenye slaidi yake na matokeo yake. Programu zote zilizotajwa zina uwezo huo, na faili ikishahifadhiwa kwenye mashine haihitaji intaneti.

Vifaa je? Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, uligawa zaidi ya vifaa milioni 1 nchini. Mgao wa shule ulikuwa na vipakatalishi vya walimu na projekta. Tatizo kubwa maeneo kame ni umeme, na hapa hesabu ni muhimu kuliko ari.

Projekta ya kawaida ya taa hutumia wati 250 hivi, na kipakatalishi wati 50, jumla 300. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini aina ya asidi haifai kumalizwa kupita nusu. Kwa hivyo kuna wati-saa 600 za kutumia, nazo ni chini kidogo ya saa mbili, yaani vipindi visivyozidi vitatu vya dakika 35. Projekta ndogo ya LED hula umeme kidogo zaidi, ingawa mwanga wake hafifu utahitaji madirisha yazibwe kwa mablanketi. Shuka jeupe latosha kuwa pazia la kuonyeshea. Vumbi nalo lisisahauliwe: kichujio cha projekta kikiziba, taa hupata joto na kufa mapema.

Eneo hili halijaanza leo kutafuta njia zake. Mwaka 1996 huduma ya maktaba za kitaifa ilianzisha Garissa maktaba inayobebwa na ngamia, ili vitabu viwafuate wafugaji.

Lakini kinachofanya slaidi nzuri ziwe na thamani kubwa huko ni uhaba wa walimu. Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa katika shambulio la Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo tume ya kuajiri walimu, TSC, ikawahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Baadhi ya shule zilibaki na walimu wachache mno, mmoja akihudumia madarasa kadhaa.

Projekta haiwezi kuziba pengo hilo, na anayeahidi hivyo anauza vifaa. Hata hivyo, slaidi zilizorekodiwa sauti ya mwalimu zinaweza kuongozwa na kiranja katika chumba kimoja huku mwalimu akifundisha chumba cha pili, mradi ziwe na mahali pa kusimama na swali la kujadili.

Kwa sababu hiyo, mwalimu asiondoke na kazi yake. Faili ziandikwe jina la somo, darasa na muhula, zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Anayefuata, akifika, aikute ramani ya Juba ikimsubiri.