Fundi Asiyeitwa: Namna Utapeli wa Huduma za Kompyuta Unavyofanyika na Hatua za Kuchukua

Utapeli unaofanywa kwa kisingizio cha huduma za kiufundi za kompyuta ni ule ambao mtu au kampuni humtisha mtumiaji kwamba kompyuta yake imeharibika au imeshambuliwa na virusi, kisha humtoza fedha kwa matengenezo yasiyohitajika, au huutumia mwanya huo kuingia katika kompyuta na kuchukua fedha zilizomo kwenye akaunti zake. Utapeli huu huanza kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni simu kutoka kwa anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa Microsoft au wa kampuni nyingine inayofahamika. Ya pili ni ukurasa wa intaneti unaofunika skrini nzima ghafla, mara nyingi ukiambatana na sauti ya king'ora, ukimtaka mtumiaji asizime kompyuta na apige namba ya simu iliyoandikwa hapo.

Hasara yake si ndogo. Ripoti ya Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, kuhusu uhalifu wa mtandao kwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa waathirika waliolalamika kwa shirika hilo walipoteza zaidi ya dola milioni 900 kwa utapeli wa aina hii peke yake, na kwamba ndio ulioripotiwa zaidi na watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Vituo vingi vinavyopiga simu hizo vimebainika nchini India, ambako mwezi Oktoba 2023 Ofisi Kuu ya Upelelezi ya nchi hiyo, CBI, ilifanya upekuzi katika maeneo mengi baada ya kupokea taarifa kutoka kampuni za Microsoft na Amazon. Simu hizo kwa kiasi kikubwa zimewalenga wakazi wa nchi zinazozungumza Kiingereza. Kurasa za onyo la uongo, hata hivyo, hazichagui nchi. Humfikia yeyote aliyefungua tovuti yenye matangazo mabaya, awe Chicago au katika duka la vifaa vya ofisi mjini Morogoro.

Jambo linalowafanya watu wenye elimu na tahadhari kuamini ni kwamba ushahidi wanaoonyeshwa mara nyingi ni wa kweli. Kinachopotoshwa ni tafsiri yake.

Mfumo wa Windows, kwa mfano, una sehemu inayotunza kumbukumbu za kila tukio linalotokea ndani ya kompyuta. Programu inapochelewa kufunguka, au huduma fulani inaposhindwa kuanza kwa mara ya kwanza na kufanikiwa kwa mara ya pili, mfumo huandika alama nyekundu ya kosa au ya njano ya tahadhari. Kompyuta nzima isiyo na hitilafu yoyote huweza kuwa na mamia ya alama hizo. Tapeli humwelekeza mtumiaji, hatua kwa hatua, mpaka afungue orodha hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha humwuliza ameona alama ngapi nyekundu. Mtumiaji anapohesabu na kukata tamaa, huambiwa kuwa kila alama ni kirusi.

Mbinu nyingine ni ya namba. Mpigaji hudai kuwa anaweza kuthibitisha kwamba anaifahamu kompyuta ya mhusika, na kwamba anayo namba yake ya leseni. Humtaka aandike amri fupi kwenye dirisha jeusi la maagizo, na hapo mstari mrefu wa herufi na tarakimu hutokea. Mpigaji huusoma mstari huo bila kukosea hata tarakimu moja. Mtumiaji hushangaa, na wengi husalimu amri hapo. Ukweli ni kwamba mstari huo, unaoanzia na 888DCA60, ni utambulisho wa kipengele cha kawaida cha Windows na ni uleule katika kompyuta zote zinazotumia mfumo huo duniani. Ni sawa na mtu kubisha hodi na kudai anaifahamu nyumba kwa sababu anajua kwamba ina mlango.

Ukurasa wa king'ora nao hauna nguvu unayojidai kuwa nayo. Ni ukurasa wa tovuti kama kurasa nyingine, uliopanuliwa ufunike skrini ili mtumiaji asione vitufe vya kuufunga. Kwa kawaida huondoka kwa kubonyeza kitufe cha Esc kwa sekunde chache au kwa kubonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ukigoma, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua kidhibiti cha kazi na ufunge kivinjari. Na ikishindikana kabisa, kitufe cha kuwashia kompyuta kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa huizima. Kivinjari kikiuliza baadaye kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, jibu ni hapana. Microsoft imeeleza mara nyingi kuwa haipigii watu simu kuwaambia kompyuta zao zina virusi bila wao kuomba msaada, na kwamba ujumbe wake halisi wa hitilafu hauwekwi namba ya simu. Kwa hiyo namba hiyo ikionekana kwenye onyo, onyo ni la uongo, hata kama nembo iliyopo hapo inafanana kabisa na ile halisi.

Baada ya hofu kujengwa, hatua inayofuata ni kumtaka mhusika apakue programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kama vile AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali, na mafundi waaminifu wa taasisi nyingi huzitumia kila siku. Anayepewa ruhusa kupitia programu hizo huona kila kinachoonekana kwenye skrini na huweza kusogeza kishale, kufungua mafaili na kuandika. Mhusika akifungua akaunti yake ya benki wakati huo ili alipie huduma, anaifungua mbele ya mgeni.

Upo pia mchezo wa kurudisha fedha, ambao huwakuta hasa watu waliokwisha kulipa. Mpigaji husema kampuni inafungwa na wateja wanarejeshewa malipo yao. Akiwa ndani ya kompyuta, hubadilisha maandishi ya ukurasa wa benki yanayoonekana kwenye skrini, au huhamisha fedha za mhusika mwenyewe kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine, ili ionekane kuwa ametumiwa kiasi kikubwa kuliko alichostahili. Kisha hulia kwamba atafukuzwa kazi na humsihi mhusika arudishe kilichozidi, kwa kadi za zawadi au kwa njia nyingine isiyoweza kusitishwa. Mtanzania aliyewahi kupokea simu ya mtu anayedai kutuma fedha kwa makosa kwenye namba yake ataitambua hila hii mara moja. Kilichobadilika ni chombo tu.

Hata hivyo, si kila shinikizo hutoka kwa mhalifu aliyejificha. Mwezi Machi 2019, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa kampuni ya maduka ya vifaa vya ofisi ya Office Depot na mshirika wake, Support.com, zimekubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri kuhusu huduma ya bure ya kupima afya ya kompyuta. Kwa mujibu wa tume hiyo, mteja aliyepeleka kompyuta dukani aliulizwa maswali manne: kama kompyuta imekuwa nzito, kama huzima au kukwama, kama imewahi kutoa onyo la virusi, na kama matangazo hujitokeza yenyewe. Ndiyo moja tu ilitosha kuifanya programu itoe matokeo ya kuwepo kwa dalili za maambukizi, bila kujali upimaji wenyewe ulikuta nini. Mteja aliuziwa matengenezo ambayo gharama yake iliweza kufikia mamia ya dola.

Shauri hilo linafaa kusomwa kwa makini na yeyote anayeendesha duka la huduma za kompyuta. Wafanyakazi walishinikizwa kufikia malengo ya mauzo. FTC ilieleza kuwa malalamiko ya ndani yalikuwapo tangu angalau mwaka 2012, na kwamba mfanyakazi mmoja aliwaandikia wakuu wake kuwa hawezi kuhalalisha kumdanganya mteja ili duka lipate dola chache za ziada. Huduma ilisitishwa mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya kituo cha televisheni cha Seattle kupeleka madukani kompyuta mpya zilizotoka moja kwa moja kwenye maboksi na baadhi yake kuambiwa zina dalili za virusi.

Kwa mwananchi anayepeleka kompyuta kwa fundi, iwe Kariakoo au kwingineko, funzo la shauri hilo ni la vitendo. Swali la kumwuliza fundi ni moja: tatizo limeonekana wapi? Fundi makini huweza kutaja jina la programu hasidi aliyoikuta na faili ilimo, au kuonyesha kwamba diski imejaa au kumbukumbu ni ndogo. Anayejibu kwa kueleza tu kuwa hali ni mbaya na bei itapanda kesho anauza hofu. Mteja ana haki ya kuondoka na kompyuta yake, kuomba maoni ya fundi mwingine, na kudai makadirio ya gharama kwa maandishi kabla kazi haijaanza na risiti ya EFD baada ya kulipa. Pia ifahamike kuwa Windows 10 na Windows 11 zina programu ya kukinga virusi ndani yake, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Kwa mtumiaji wa kawaida anayepokea masasisho kwa wakati, si lazima kununua nyingine.

Tahadhari ya pekee inahitajika kuhusu Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo na hazitazimika. Zilichokosa ni masasisho ya bure ya usalama kama yalivyozoeleka, jambo ambalo ni hatari ya kweli kwa siku za mbele na linastahili kupangiwa bajeti. Muuzaji anayesema mafaili yatafutika usipolipa leo amechanganya ukweli huo na uongo.

Kisheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuwa ni makosa kufanya udanganyifu kwa kutumia kompyuta, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila uhalali na kujifanya mtu mwingine. Mwathirika asidhani kuwa amepoteza haki ya kulalamika kwa sababu alibofya mwenyewe kitufe cha kukubali. Kwa upande wa wafanyabiashara waliosajiliwa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Hapo ndipo risiti na makadirio ya maandishi huwa na thamani, kwani bila hayo shauri hubaki kuwa neno la mteja dhidi ya neno la fundi.

Aliyekwisha kumruhusu mgeni kuingia katika kompyuta yake aanze kwa kukata intaneti, kwa kuchomoa waya au kuzima modemu, kabla ya jambo lingine lolote. Simu ya pili iwe kwa benki au mtoa huduma wa fedha kwa simu, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au namba 100 ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu. Dakika za mwanzo ndizo zenye uwezekano wa kuzuia muamala. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, kuanzia na ya barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe huweza kufungua akaunti nyingine zote. Programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali iondolewe na kompyuta ipimwe, au isafishwe na kuwekewa mfumo upya na fundi anayefahamika. Picha za skrini, namba za simu na kumbukumbu za malipo zihifadhiwe na kupelekwa kituo cha polisi, ambako mlalamikaji hupewa namba ya taarifa. Ujumbe mfupi wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ili namba iliyoutuma ishughulikiwe.

Wapo wanaosita kuripoti kwa aibu, hasa wahasibu na makarani waliotumia kompyuta ya ofisi. Ukimya huo una gharama, kwa kuwa kompyuta moja iliyofunguliwa huweza kuwa njia ya kufikia mafaili ya taasisi nzima, zikiwemo taarifa binafsi za wateja zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA anapaswa kujulishwa siku hiyohiyo, na taasisi iliyojipanga vizuri haimwadhibu anayetoa taarifa mapema.

Orodha za waliotapeliwa nazo huuzwa. Wiki au miezi baadaye, mwathirika huweza kupigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mpelelezi, wakili au ofisa wa benki aliyefanikiwa kuzipata fedha zilizoibwa, na anayehitaji ada ndogo tu ili azirejeshe. Polisi na benki hazitozi ada ya namna hiyo. Mpigaji huyo asitumiwe fedha, na namba yake ipelekwe kituo kilekile lilikofunguliwa jalada la kwanza.